Divisheni ya Kwanza ya Marini ya Marekani vitani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na vijana wanaosoma historia ya Vita Kuu ya Pili na vita vya Korea. Mengi huhusu bunduki, medali na majenerali. Nimeyajibu, ila mara kwa mara nitawarudisha kwenye maji ya kunywa, chakula, dawa na njia ya kurudi pwani. Nimeisoma historia ya divisheni hii kwa miaka mingi, na ninaamini hayo ndiyo yaliyoamua nani angebaki hai.

Marini ni askari wa aina gani? Ni wanamaji au jeshi la nchi kavu?

Ni askari wa miguu wanaosafiri kwa meli za kivita na kushuka ufukweni kupigana. Mwanamaji huendesha meli. Marini hushuka ndani yake akiwa na bunduki na mkoba mgongoni. Nchini Marekani marini ni jeshi lao wenyewe, wana makamanda wao na mila zao, ingawa wamo katika Wizara ya Jeshi la Majini na madaktari wao hutoka kwa wanamaji. Hata wahudumu wa tiba wanaokimbia na askari mstari wa mbele ni wanamaji.

Divisheni hii iliundwa lini?

Tarehe 1 Februari 1941, ndani ya manowari Texas, kutokana na Brigedi ya Kwanza ya Marini iliyokuwa ikifanya mazoezi katika bahari ya Karibi. Msingi wake ni rejimenti tatu za askari wa miguu, yaani ya 1, ya 5 na ya 7, pamoja na rejimenti ya 11 ya mizinga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwa na watu wapatao 19,000. Tangu miaka ya 1950 makao yake ni Camp Pendleton, California.

Kwa nini ilianzia Guadalcanal, kisiwa ambacho hata Wamarekani walikuwa hawakijui?

Kwa sababu ya uwanja wa ndege. Katikati ya 1942 Wajapani walikuwa wakijenga uwanja kwenye tambarare ya Lunga, katika Visiwa vya Solomon. Ungekamilika, ndege zao zingetishia njia ya meli kati ya Marekani na Australia. Divisheni ilikuwa imewasili New Zealand kwa vipande, ikitarajia miezi kadhaa ya mazoezi. Badala yake iliamriwa kwenda vitani. Katika gati la Wellington, mvua ikinyesha mfululizo, askari walipakua meli na kuzipakia upya kwa mikono yao. Maboksi yalilowa na kupasuka, na chakula kikaharibika kabla hata safari haijaanza.

Waliteremka tarehe 7 Agosti 1942 chini ya Meja Jenerali Alexander Vandegrift. Watu 11,000 hivi walishuka Guadalcanal, na wengine walipelekwa Tulagi na visiwa vya jirani ambako mapigano yalikuwa makali tangu saa za kwanza. Kesho yake uwanja ulikuwa mikononi mwao. Waliupa jina la Henderson, kwa kumbukumbu ya Meja Lofton Henderson, rubani wa marini aliyeuawa katika mapigano ya Midway.

Ni kweli meli ziliwaacha ufukweni?

Ndiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Agosti, kikosi cha manowari za Kijapani kilipita karibu na kisiwa cha Savo na kuzamisha manowari nne kubwa: tatu za Marekani na Canberra ya Australia. Wanamaji zaidi ya 1,000 walikufa. Manowari zilizobeba ndege zilikuwa zimekwisha kuondoka, hivyo meli za mizigo nazo ziling'oa nanga zikiwa bado na sehemu kubwa ya shehena matumboni.

Marini walibaki na milo miwili kwa siku, na sehemu kubwa ya milo hiyo ilikuwa mchele uliotekwa kwa Wajapani. Uwanja nao waliumalizia kwa magari na mashine walizoziacha Wajapani. Tarehe 20 Agosti ndege za kwanza zilitua, na hapo ndipo kisiwa kilipoanza kulindika. Mchana ndege za Henderson ziliwinda meli za Kijapani. Usiku Wajapani walirudi na manowari kuleta askari na kupiga mizinga. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Oktoba, manowari Kongo na Haruna ziliumwagia uwanja huo makombora mazito hata ndege nyingi na akiba ya mafuta vikateketea.

Upande wa pili uliumia zaidi. Mwezi wa Agosti Kanali Ichiki alishambulia usiku na watu wapatao 900. Karibu 800 waliuawa kwenye mdomo wa kijito. Mashambulizi ya Septemba na Oktoba yalivunjika vilevile. Baadaye njaa ikaingia. Wajapani wenyewe walikiita Kisiwa cha Njaa, na maelfu ya askari wao walikufa bila kupigwa risasi. Ninaposoma habari za Guadalcanal hapo ndipo ninaposimama kwa muda mrefu zaidi: majeshi mawili msituni, na kila moja linatazama baharini kuona kama chombo kitafika.

Malaria iliwaathiri kiasi gani?

Kuliko risasi. Divisheni ilipoteza watu wapatao 650 waliouawa na takriban 1,280 waliojeruhiwa, lakini wagonjwa wa malaria walifika zaidi ya 8,500. Walipewa vidonge vya atabrini, vichungu, vinavyogeuza ngozi kuwa ya manjano. Ukaenea uvumi kwamba dawa hiyo inaua nguvu za kiume, na wengi wakaitema. Ikabidi wahudumu wa tiba wasimame kwenye foleni ya chakula na kuhakikisha kila mtu amemeza. Msomaji aliyekulia Kilwa au Kisumu hahitaji kuelezwa homa hiyo inavyomlaza mtu mzima. Divisheni ilipopokewa na jeshi la nchi kavu mwanzoni mwa Desemba, wapo waliokuwa dhaifu hata wakashindwa kupanda ngazi za kamba za meli.

Jacob Vouza ni nani, na kwa nini hatajwi sana?

Anastahili kutajwa kuliko majenerali wengi. Alikuwa mwenyeji wa Guadalcanal, sajini meja mstaafu wa polisi wa Visiwa vya Solomon, aliyejitolea kuwa mpelelezi. Agosti 1942 askari wa Ichiki walimkamata wakamkuta na bendera ndogo ya Marekani. Walimfunga kwenye mti, wakampiga na kumtaka aseme marini wako wapi na ni wangapi. Hakusema. Walimchoma kwa singe kifuani, shingoni na mikononi, wakamwacha wakidhani amekwisha.

Vouza alizitafuna kamba kwa meno, akatembea na kutambaa usiku msituni mpaka kwenye mstari wa marini, na akatoa taarifa juu ya maadui wanaokuja kabla ya kukubali kutibiwa. Mapigano yalianza usiku huohuo. Alipona, akarudi kazini, akatunukiwa nishani na Marekani na Uingereza, na mwaka 1979 akapewa hadhi ya Sir. Alifariki mwaka 1984. Wenzake wengi waliobeba mizigo na kuongoza doria hawakuandikwa popote, na bila wao marini wangekuwa vipofu katika msitu ule.

Je, lugha ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, ilitumika kweli kama msimbo?

Ilitumika, na Guadalcanal ndiko ilikojaribiwa vitani mara ya kwanza, katika divisheni hii. Marini walikuwa wamewaandikisha Wanavajo 29, na wao wenyewe wakatunga msamiati wa vita kwa maneno ya nyumbani kwao. Kifaru kiliitwa kobe, nyambizi samaki wa chuma, mabomu mayai, na Marekani iliitwa mama yetu. Hata Mnavajo ambaye hakufundishwa msimbo huo asingeelewa zaidi ya orodha ya wanyama na vyakula. Kufikia mwisho wa vita walikuwa karibu 400, katika divisheni mbalimbali. Siri ilifunguliwa mwaka 1968. Wengi wao walikuwa wamepitia shule za serikali ambako mtoto aliadhibiwa kwa kuongea lugha hiyohiyo, jambo lisilopaswa kusahauliwa.

Kwa nini nembo yao ina nyota za kusini, na bendi yao hupiga wimbo wa Australia?

Baada ya Guadalcanal walipelekwa Melbourne kupona. Rejimenti ya 1 ililala katika uwanja mkubwa wa kriketi wa mji huo. Wenyeji waliwakaribisha majumbani, na urafiki ule ulidumu: mpaka leo divisheni huusindikiza mwendo wake kwa "Waltzing Matilda". Nembo ni almasi ya buluu yenye nyota za Msalaba wa Kusini na tarakimu 1 nyekundu iliyoandikwa jina la Guadalcanal.

Cape Gloucester palitokea nini?

Mvua. Waliteremka huko, kisiwa cha New Britain, tarehe 26 Desemba 1943, wakauteka uwanja wa ndege ndani ya siku chache, kisha wakakaa miezi katika tope. Miti mikubwa iliyolegezwa na makombora iliwaangukia askari na kuua baadhi yao.

Peleliu ilikuwa na ulazima?

Jibu langu ni hapana, na nitaeleza.

Peleliu ni kisiwa kidogo cha matumbawe huko Palau, urefu wake kama kilomita 10. Mpango ulikuwa kukiteka ili kulinda ubavu wa jeshi la Jenerali MacArthur lililokuwa likielekea Ufilipino. Siku mbili kabla ya kuteremka, Admirali Halsey alipendekeza operesheni ifutwe kwa kuwa ulinzi wa Wajapani Ufilipino ulionekana dhaifu kuliko ilivyodhaniwa. Admirali Nimitz aliona meli zimekwisha kuwa njiani, akaamua iendelee. Kamanda wa divisheni, Meja Jenerali William Rupertus, aliwaambia watu wake kwamba ingekuwa kazi ya siku chache tu.

Waliteremka tarehe 15 Septemba 1944. Kanali Kunio Nakagawa, mwenye askari zaidi ya 10,000, hakuwatuma watu wake kufa ufukweni kwa makelele kama ilivyokuwa Guadalcanal. Aliwaficha katika mapango ya milima ya Umurbrogol, mengine yakiwa na milango ya chuma, na kila pango lilitazama mlango wa pango jingine. Ukishambulia moja, unapigwa kutoka matatu.

Joto lilipita nyuzi 40 za selsiasi. Matumbawe hayachimbiki, kwa hiyo hakukuwa na handaki la kujificha, na kila kombora lilirusha vipande vya mawe vikali kama vigae. Maji ya kunywa yaliletwa katika mapipa yaliyowahi kuwekwa mafuta na hayakuoshwa vizuri. Watu waliokuwa karibu kuzimia kwa kiu walikunywa maji yenye mafuta wakatapika. Kosa hilo la mapipa huniuma kuliko makosa ya ramani, kwa sababu lilihitaji tu mtu mmoja mwangalifu bandarini.

Rejimenti ya 1, chini ya Kanali Lewis Puller, ilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake, waliouawa na waliojeruhiwa, katika muda wa juma moja hivi. Rupertus alisita kuomba msaada wa jeshi la nchi kavu, mpaka mkubwa wake, Roy Geiger, alipoamuru rejimenti hiyo iondolewe. Divisheni ya 81 ya jeshi la nchi kavu ndiyo iliyomaliza kazi tarehe 27 Novemba. Divisheni ya Kwanza ilikuwa imepoteza zaidi ya watu 1,200 waliouawa na zaidi ya 5,000 waliojeruhiwa. Karibu Wajapani wote walikufa. Kundi dogo lilibaki mapangoni na kujisalimisha mwaka 1947. Ilhali Ulithi, bandari ya asili iliyowafaa sana wanamaji, ilichukuliwa Septemba 1944 bila upinzani.

Je, kulikuwa na marini weusi?

Marini walikataa kuandikisha watu weusi hadi 1942. Baada ya hapo waliwafundisha katika kambi iliyotengwa, Montford Point, North Carolina, ambako wapatao 20,000 walipitia hadi 1949. Hawakuruhusiwa kuwa katika rejimenti za mapigano. Walipewa kombania za mizigo na risasi. Lakini Peleliu kombania mbili za aina hiyo, moja ya bohari na moja ya risasi, zilipeleka risasi hadi mstari wa mbele na kurudi na machela za majeruhi chini ya moto. Rupertus mwenyewe aliandika barua kuwasifu. Ubaguzi katika majeshi ulipigwa marufuku kwa amri ya Rais Truman mwaka 1948, na ni vita vya Korea vilivyoufanya mchanganyiko huo kuwa wa kweli.

Walipigana bega kwa bega na askari wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki)?

Hapana. Askari wa KAR walipigana na Wajapani huohuo lakini Burma, chini ya Waingereza. Miezi ile marini wakiwa Peleliu, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikisukuma mbele katika bonde la Kabaw, kwenye mvua na malaria, hadi ikafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba 1944. Ukiwa na babu aliyekwenda Burma, basi ulimwengu wake wa tope na homa ulifanana sana na wa Guadalcanal.

Na Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani?

Waliteremka tarehe 1 Aprili 1945 chini ya Meja Jenerali Pedro del Valle, mzaliwa wa Puerto Rico. Siku za kwanza zilikuwa shwari. Kisha wakakutana na ngome za Shuri. Ngome yenyewe waliiingia tarehe 29 Mei. Mapigano ya kisiwa kizima yaliua zaidi ya Wamarekani 12,000 na makumi ya maelfu ya raia wa Okinawa, wengi wakiwa mapangoni walimokimbilia na watoto wao. Vita vilipokwisha divisheni ilipelekwa kaskazini mwa China kuwarejesha Wajapani kwao.

Incheon, bandari ya Korea karibu na Seoul, ilikuwa na ugumu gani?

Watu wa pwani mtalielewa hili haraka. Incheon maji hujaa na kupwa kwa tofauti ya mita 9 hivi. Yakipwa, kunabaki tope tupu la kilomita nyingi ambalo chombo hakipiti. Ilibidi wangojee bamvua, na hata hivyo walikuwa na saa chache asubuhi na chache jioni. Tarehe 15 Septemba 1950 batalioni moja ilichukua kisiwa cha Wolmi asubuhi, maji yakapwa, ikabaki peke yake mchana kutwa. Jioni maji yalipojaa wengine walipanda kuta za bandari kwa ngazi. Kufikia mwisho wa mwezi Seoul ilikuwa imekombolewa.

Kwenye ziwa la Chosin, Korea Kaskazini, walishindwa au walishinda?

Walirudi nyuma, na walirudi wakiwa kitu kimoja, na majeruhi wao. Mimi huona sababu kuu ni uangalifu wa mtu mmoja.

Novemba 1950 jeshi la Umoja wa Mataifa lilikimbilia kaskazini mwa Korea likiamini vita vimekwisha. Jenerali Almond wa jeshi la nchi kavu aliwahimiza marini waende haraka. Kamanda wao, Meja Jenerali Oliver P. Smith, hakuamini. Njia ilikuwa moja, nyembamba, yenye kona za milimani, zaidi ya kilomita 100 kutoka bandari ya Hungnam. Smith alikwenda polepole, akaweka akiba ya chakula na risasi kila kituo, na pale Hagaru-ri akaamuru uchimbwe uwanja wa ndege katika ardhi iliyoganda. Mafundi walichimba usiku kwa taa huku wakishambuliwa.

Usiku wa tarehe 27 Novemba Wachina wapatao 120,000 wa Jenerali Song Shilun, waliokuja kuisaidia Korea Kaskazini, walishuka kutoka milimani, dhidi ya watu 30,000 hivi wa Umoja wa Mataifa. Baridi ilishuka chini ya nyuzi 30 za selsiasi pungufu ya sifuri. Mafuta ya bunduki yaliganda. Plazma ya damu ilikuwa barafu ndani ya chupa. Wahudumu wa tiba waliweka mofini mdomoni ili isigande. Viatu vya mpira vilitoa jasho mtu akitembea, na akisimama jasho lile likageuka barafu vidoleni. Wachina waliteseka zaidi: wengi walikuwa na viatu vya kitambaa, na waliganda hadi kufa wakiwa wamelala kwenye nafasi zao.

Uwanja wa Hagaru-ri uliokoa zaidi ya majeruhi 4,000 waliosafirishwa kwa ndege. Kombania moja ya Kapteni William Barber ilishika njia ya mlimani ya Toktong kwa siku tano ili wenzao wapate kupita, na batalioni ya Luteni Kanali Raymond Davis ilitembea usiku katika theluji kuifikia. Chini zaidi, Wachina walikuwa wamelipua daraja katika mlima wa Funchilin. Vipande vinane vya daraja la chuma, kila kimoja zaidi ya tani moja, viliangushwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Kimoja kilivunjika, kimoja kikaangukia kwa Wachina, vilivyobaki vikatosha.

Tangu kushuka Wonsan, bandari ya mashariki mwa Korea, hadi kufika Hungnam divisheni ilipoteza zaidi ya 700 waliokufa, karibu 200 waliopotea, wapatao 3,500 waliojeruhiwa, na zaidi ya 7,000 walioondolewa kwa sababu nyingine, hasa kuganda viungo. Kutoka Hungnam meli zilichukua pia karibu raia 100,000 wa Korea.

Hadithi ya farasi Reckless ni ya kweli?

Ni kweli. Alikuwa farasi jike mdogo aliyenunuliwa Korea kubebea risasi. Machi 1953, katika mapigano ya kilima kilichoitwa Vegas, alipanda na kushuka mara 51 kwa siku moja, mara nyingi bila mtu wa kumwongoza. Alijeruhiwa mara mbili, na baadaye akapandishwa cheo kuwa sajini.

Vietnam?

Walipigana huko kuanzia 1965 hadi 1971, wakikaa zaidi Chu Lai na Da Nang. Mapigano yanayokumbukwa kuliko yote ni ya mji wa Hue, tangu mwisho wa Januari 1968, nyumba kwa nyumba kwa takriban mwezi mzima. Mji wa wafalme ulibaki vifusi.

Je, ndio waliopigana Mogadishu helikopta zilipoangushwa?

Hapana, na kosa hili ni la kawaida sana. Marini waliteremka Mogadishu usiku wa tarehe 9 Desemba 1992, wakamulikwa na taa za wapiga picha wa habari waliokuwa wakiwangoja ufukweni. Kazi ilikuwa kulinda misafara ya chakula cha njaa kuelekea Baidoa, Bardera na Kismayu, pwani ya ndugu zetu Wabajuni. Vikosi vya marini viliongozwa na Meja Jenerali Charles Wilhelm, kamanda wa Divisheni ya Kwanza. Mei 1993 kazi ilikabidhiwa Umoja wa Mataifa. Mapigano ya helikopta yalikuja Oktoba mwaka huo, na waliopigana walikuwa askari wa jeshi la nchi kavu.

Iraq na Afghanistan waliacha jina gani?

Mwaka 1991 waliingia Kuwait kupitia moshi wa visima vya mafuta vilivyochomwa. Mwaka 2003, chini ya James Mattis, walitoka Kuwait hadi Baghdad kwa wiki tatu. Novemba 2004 walikuwa mstari wa mbele Fallujah. Na tarehe 19 Novemba 2005, huko Haditha, marini wa batalioni ya 3 ya rejimenti ya 1 waliwaua raia 24 wa Iraq, wakiwemo wanawake na watoto, baada ya mwenzao kuuawa na bomu la barabarani. Hakuna aliyefungwa kwa mauaji hayo. Anayeandika historia ya divisheni hii na kuliruka jambo hilo anawadhulumu waliokufa.

Huko Sangin, Afghanistan, batalioni ya 3 ya rejimenti ya 5 ilipoteza watu 25 katika miezi saba ya 2010 na 2011. Agosti 2021, kwenye lango la uwanja wa ndege wa Kabul, bomu liliua Wamarekani 13, wengi wao wa batalioni ya 2 ya rejimenti ya 1, pamoja na Waafghani wapatao 170.

Uwanja wa Henderson uko wapi leo?

Ni uwanja wa kimataifa wa Honiara, mji mkuu wa Visiwa vya Solomon, na abiria hutua pale kila siku. Mjini kuna sanamu ya Vouza. Mabomu ya mwaka 1942 bado yamo ardhini, na wakulima huyakuta wakilima, na mengine huwalipukia.